Ruzuku ya miaka miwili kwa kituo cha manusura wa mateso: pesa ianzie wapi?

Swali: Ninaratibu kituo kidogo kinachohudumia manusura wa mateso. Tuna tabibu mmoja, wanasihi watatu, afisa ustawi wa jamii mmoja na mkalimani wa kutwa. Tumepata ruzuku ya miaka miwili ya kujenga uwezo. Bodi inataka tuitumie kwa semina za mafunzo, gari na tawi la pili. Mimi ninachokiona ni kwamba watumishi wamechoka, na wateja wengi wanakuja mara mbili au tatu kisha hawaonekani tena. Nianzie wapi?

Jibu:

Ndugu mratibu, jambo zito kuliko yote katika swali lako ni hao wateja wanaopotea, na katika mipango ya bodi hawamo. Gari haliwarudishi. Tawi la pili litapoteza wengine mahali pengine. Semina zitawapa wanasihi wako vyeti. Kwa maoni yangu, pesa ya kwanza ya ruzuku hiyo ilipie kitu ambacho hakipigwi picha wala hakizinduliwi: usimamizi wa kitaalamu wa kila wiki, ambapo kila mnasihi anakaa na mtu aliyemzidi uzoefu na kuzungumzia kesi zake. Mengine yote yafuate hapo.

Semina siidharau. Mtu asiyejua kiwewe kinaufanya nini mwili na kumbukumbu hawezi kuanza bila kufundishwa. Lakini mafunzo ya siku tano humwachia mnasihi msamiati na ari tu. Jumatatu inayofuata anakaa mbele ya mtu anayetetemeka, hakumbuki hata ukurasa mmoja wa kabrasha, na anarudia alichokizoea: anatoa nasaha, anafariji, anageuza mazungumzo. Kwa kuwa hakuna anayemwona, hakuna wa kumsahihisha. Miezi sita baadaye kabrasha liko kabatini, na mfadhili ana orodha ya mahudhurio yenye sahihi za watu wote.

Tunajua kwamba watu wasio na shahada ya saikolojia wanaweza kuifanya kazi hii vizuri. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, timu ya mwanasaikolojia Mjerumani Frank Neuner iliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwatibu wenzao wa Rwanda na Somalia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha dalili za kiwewe zikipungua kuliko kwa wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Utafiti huo hunukuliwa sana na wanaotaka kuthibitisha kwamba mafunzo mafupi yanatosha. Wanachokiruka ni kwamba wanasihi wale hawakufundishwa kisha wakaachwa peke yao.

Usimamizi ninaouzungumzia unakwenda hivi. Siku ni moja kila wiki, saa ni ileile, na haiahirishwi kwa sababu mgeni wa wizara amekuja. Mnasihi analeta kesi moja, kwa namba na si kwa jina, pamoja na swali moja linalomsumbua. Hasimulii upya mateso ya mteja, kwa sababu hayo yameandikwa kwenye faili. Anasimulia kikao cha mwisho. Mteja alisema nini hasa, wewe ukajibu nini, naye akafanya nini? Maswali haya yanaonekana mepesi mpaka mtu ayajibu kwa ukweli. Mnasihi anakuja na malalamiko kwamba mteja wake “hataki kufunguka”. Anaombwa arudie mazungumzo neno kwa neno, na hapo inajitokeza kwamba kila mteja alipoukaribia usiku wa kukamatwa, mnasihi alinyanyuka kumletea maji ya kunywa. Alifanya hivyo mara mbili, mara tatu. Mteja ameelewa: huyu hawezi kunisikiliza, ngoja nimpumzishe. Hakuna semina inayoweza kuligundua hilo. Saa moja ya usimamizi inaligundua, na wiki inayofuata mnasihi anabaki kitini.

Mtu huyo utampata wapi? Hahitaji kuishi karibu nanyi. Vituo vingi sasa vinafanya usimamizi kwa njia ya video na mwanasaikolojia aliye nchi nyingine, na unafanya kazi ilimradi mtandao uwe tulivu na msimamizi aje kukaa nanyi ana kwa ana walau mwanzoni. Mfikirieni pia mwanasaikolojia mstaafu wa hospitali iliyo jirani, au kituo kikubwa cha manusura kilicho tayari kuwakopesha mtu wake kwa saa chache kwa mwezi. Mwandikieni mkataba na mumlipe. Kazi ya hisani hukoma pale kazi ya mshahara inapombana. Na asiwe wewe. Mnasihi hawezi kukiri amekwama mbele ya mtu anayesaini likizo yake na kumwandikia tathmini ya mwaka.

Msimamizi akishapatikana, chagueni tiba moja mjifunze vizuri, badala ya kugusagusa saba. Mimi naielekea tiba ya masimulizi iliyobuniwa na Maggie Schauer, Neuner na Thomas Elbert, kwa sababu ni fupi, ina hatua zinazoeleweka, na ilibuniwa kwa watu waliopitia mambo mengi mabaya, si ajali moja. Mteja analaza kamba sakafuni iwe ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua palipo na jema na jiwe palipo na baya. Katika vikao vinavyofuata anapitia kamba hiyo kwa mpangilio wa miaka, na kwenye kila jiwe kubwa wanasimama na kulisimulia taratibu, huku mnasihi akimkumbusha kwamba mambo yale yalitokea kule na zamani, na leo wamekaa hapa. Mwishoni simulizi lote lililoandikwa husomwa, kisha mteja hupewa. Zipo tiba nyingine zenye ushahidi mzuri, nami sigombani na anayezichagua. Ninachokipinga ni kuchanganya vipande vya kila semina mliyohudhuria, kwa sababu hapo hata msimamizi hajui asimamie nini.

Tabibu wako naye awe na mpaka wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2013 unaelekeza watu wazima wasipewe dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Hata hivyo ndizo zinazotolewa haraka zaidi, maana mgonjwa anaomba usingizi na foleni ni ndefu.

Sasa turudi kwa wanaopotea. Kabla hujaamua sababu, chukua faili za walioacha katika mwaka uliopita, kaa na mpokezi wako na afisa ustawi, muulizane kwa kila mmoja: mara ya mwisho alipokuja, alikutana na nini? Mara nyingi sababu iko mlangoni, haiko kwenye chumba cha tiba. Mlinzi wa getini amevaa sare na buti. Mpokezi anaita majina kwa sauti mbele ya watu. Chumba cha kusubiria hakina dirisha na mlango unafungwa kwa funguo. Mtu aliyefungiwa ndani na wenye sare, akaitwa jina lake kisha akapelekwa kuhojiwa, mwili wake unayatambua hayo yote kabla akili haijapata nafasi ya kujieleza kwamba hapa ni kituo cha msaada. Mvue mlinzi sare. Mteja achague kiti, na asikae mtu kati yake na mlango. Tabibu amweleze kila kifaa kabla hajamgusa nacho: kwa aliyeteswa kwa umeme, vibandiko na nyaya za kipimo cha moyo ni tishio la kweli, kama kilivyo kiti cha daktari wa meno kwa mtu aliyefungwa akiwa amelazwa chali. Mengi ya haya hayahitaji ruzuku, na nashangaa ni vituo vingapi vimehudhuria semina tano bila kuyagusa.

Sababu ya pili ni mahojiano ya kwanza. Fomu za wafadhili hutaka kujua aina ya mateso, mahali, nani alitesa na kwa muda gani, na kituo kinajaza vyote siku ya kwanza ili takwimu zikamilike. Mteja anamwaga kila kitu kwa mtu asiyemjua, anarudi nyumbani halali usiku ule, na anajiambia dawa yenyewe ikiwa ndiyo hii, basi. Igawe fomu. Siku ya kwanza uliza anachokihitaji leo, kama yuko salama, kama analala, kama ana mawazo ya kujiua, ana maumivu wapi, na nani anamtegemea. Mengine yasubiri hadi atakapowazoea. Mpe miadi yenye tarehe na jina la atakayemwona, na asipokuja apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa namba na kwa maneno mliyokubaliana naye mapema, maana huenda simu inapokelewa na mtu mwingine.

Sababu ya tatu ni nauli, na hapa ndipo ninapotofautiana na bodi kuhusu gari. Gari la kituo lina dereva, bima, matengenezo na nembo ubavuni, na mtu anayeogopa kufuatwa hataki kuonekana akishuka humo. Kurudisha nauli taslimu siku ya miadi, bila maswali mengi na bila kudai risiti ambazo vyombo vya usafiri havitoi, kunagharimu kidogo mno ukilinganisha. Mwandikie mfadhili mapema akubali daftari la sahihi badala ya risiti.

Katika orodha ya watumishi wako kuna pengo ambalo bodi haikuligusa, nalo ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Ukipata nafasi ya kuajiri mtu mmoja tu, awe huyo. Waliopigwa kwenye nyayo huendelea kuumwa miguu wakitembea kwa miaka, kwa sababu tishu laini za kisigino na utando wa unyayo huharibika. Walioning'inizwa kwa mikono hupata madhara kwenye mishipa ya fahamu ya begani, wengine hawawezi kunyanyua mkono au kushika kitu kwa nguvu. Tuseme mteja analalamika miguu inawaka moto. Tabibu amempa vidonge vya maumivu, mnasihi anaamini ni huzuni inayotokea mwilini, na kila mmoja anasubiri mwenzake amalize. Mtaalamu wa viungo akiwapo, wote watatu wanazungumza kwenye kikao kimoja, na mteja anasikia kwa mara ya kwanza kwamba maumivu yake yana sababu na wala hajawa mwendawazimu. Kwa wengi mwili ndio mlango wa kuingilia. Hawajawa tayari kusimulia, ila wako tayari kunyoosha bega.

Mkalimani wa kutwa ananipa wasiwasi. Yeye ndiye anayesikia kila simulizi mara mbili, mara anapolipokea na mara anapolisema kwa nafsi ya kwanza, na kesho yake hana mkataba wala mtu wa kumwuliza amelalaje. Mpe mkataba, mfundishe usiri, na mwingize kwenye kikao cha usimamizi kama mwenzenu. Na siku zote mteja aulizwe kama yuko radhi na mkalimani huyo, kwa sababu ya jinsia, kabila au upande wa kisiasa. Mkalimani anayetoka upande wa waliomtesa humfungia mteja mdomo hata awe hodari kiasi gani.

Kuhusu uchovu wa wengine, utaletewa mapendekezo ya siku ya mapumziko yenye mazoezi ya kupumua. Zikubali kama zipo, ila usizitegemee. Simulizi za mateso huwaathiri wanaozisikiliza, hilo halina ubishi. Lakini kwa jinsi ninavyoona mimi, kinachowamaliza watu kwa kawaida ni simulizi hizo pamoja na mkataba wa mwaka mmoja usiojulikana kama utaendelea, wateja wasio na kikomo, na ripoti tatu za wafadhili watatu kwa data zilezile. Weka idadi ya juu ya wateja kwa kila mnasihi na uilinde hata foleni ikirefuka. Asipangiwe simulizi mbili nzito mfululizo. Apate saa za kuandika ndani ya saa za kazi.

Faili nazo ni suala la usalama, na ndilo eneo ambalo nisingekubali mzaha. Majina yakae mbali na rekodi za tiba, yaunganishwe kwa namba tu, na orodha ya kuunganisha iwe mikononi mwa watu wawili. Amueni leo, mkiwa mmetulia, nani atazungumza na askari wakija na hati ya upekuzi, na wakili yupi atapigiwa. Ripoti ya kitabibu kwa ajili ya mahakama au ombi la hifadhi iandikwe kwa kufuata Itifaki ya Istanbul ya mwaka 1999, yaani mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kurekodi mateso, toleo lililorekebishwa mwaka 2022. Humo daktari hasemi “aliteswa” au “hakuteswa” kwa hisia. Anapima kila kovu na kila dalili dhidi ya maelezo ya mtu kwa ngazi tano, kuanzia haiendani na maelezo, inaweza kuendana, inaendana sana, ni ya kawaida kwa mateso ya aina hiyo, hadi ile isiyoweza kutokana na kitu kingine. Itifaki inasisitiza pia kwamba kukosekana kwa alama mwilini si ushahidi kwamba mateso hayakutokea. Mfundishe tabibu wako hili. Hapa semina ina thamani kamili. Inapowezekana, anayeandika ripoti asiwe ndiye anayemtibu mtu huyo, na ripoti isiandikwe kabisa bila ridhaa ya mwenyewe.

Mfadhili atataka matokeo. Idadi ya waliohudumiwa haimwambii kama kuna aliyepona. Chagueni vipimo viwili: HSCL-25, dodoso la maswali 25 kuhusu wasiwasi na sonona, na Harvard Trauma Questionnaire, dodoso la kiwewe lililobuniwa na timu ya daktari wa akili Richard Mollica miaka ya mwanzo ya 1990. Vitumieni mwanzoni, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, na mteja aulizwe vilevile jambo analotaka aweze kulifanya tena, liwe kulala chumba kimoja na wanawe au kurudi kazini. Msiyatafsiri madodoso hayo wenyewe usiku mmoja. Na ile alama ya 1.75 inayotajwa kila mahali kama mpaka wa ugonjwa kwenye HSCL-25 haikuwekwa kwa kuwapima watu wenu. Itumieni kwa kulinganisha mteja na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita. Takwimu hizo zirudi kwenye kikao cha usimamizi kabla ya kwenda kwa mfadhili: wasiopata nafuu ndio wa kujadiliwa kwanza.

Mtapata wapi pesa ruzuku hii ikiisha? Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya nje, vituo vilivyotegemea chanzo kimoja viliona jinsi miaka ya kazi inavyoweza kusimama kwa wiki chache. Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Wahanga wa Mateso, uliopo tangu mwaka 1981, hutoa ruzuku kwa mashirika yanayowahudumia manusura moja kwa moja, na maombi yake si mepesi, kwa hiyo anzeni mapema. Lakini dai kubwa linaielekea serikali. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso kinataka kila nchi iliyouridhia ihakikishe mhanga anapata fidia na njia za kurekebishwa kikamilifu kadiri inavyowezekana. Kamati inayousimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 2012, katika Maoni ya Jumla namba 3, kwamba serikali inaweza kutimiza wajibu huo kwa huduma zake yenyewe au kwa kugharamia vituo vya watu binafsi na mashirika, ikihakikisha vituo hivyo havilipiziwi kisasi, na kwamba mhanga asilazimishwe kufungua kesi kwanza ndipo ahudumiwe. Kama nchi yenu imeridhia, hiyo ni hoja ya kupeleka wizara ya afya. Pesa za serikali zinazotoka kwa taasisi zilezile zinazotuhumiwa kutesa zitawatisha wateja wenu, na hapo mna haki ya kuzikataa au kudai zipitie mahali pengine. Hili mlijadili na wateja wenyewe. Manusura wawili kwenye bodi yenu, wenye kura sawa na wengine, wangewasaidia zaidi ya mshauri mwelekezi yeyote.

Kwa hiyo mbele ya bodi ningeweka bajeti ya mistari mitano. Msimamizi wa kitaalamu kwa miezi yote 24. Mtaalamu wa fiziotherapia, hata kwa nusu ya muda. Mkataba wa mkalimani. Nauli za wateja na marekebisho ya mapokezi. Mafunzo mawili tu, moja la tiba mliyoichagua na moja la Itifaki ya Istanbul, yote yakifanywa baada ya msimamizi kuanza kazi. Wakiuliza kuhusu tawi, waambie mtalizungumzia siku ambayo wateja wengi wa kituo cha kwanza watakuwa wanaimaliza tiba yao.